Kupandisha uga wa mawimbi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuiga mitetemo

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa jiofizikia na wahandisi wanaoanza kushika data za mitetemo. Maswali yaliyomo ndiyo yanayonifikia mara nyingi. Baadhi nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndipo watu wanapokwama, na mengine kwa maneno machache kwa sababu hayahitaji zaidi.

Kupandisha uga wa mawimbi ni kufanya nini hasa?

Tuseme vipokezi vimepangwa kwa mstari mita 1,000 chini ya ardhi, na vimerekodi kila mtetemo uliopita hapo ukielekea juu. Unataka kujua vipokezi hivyo hivyo vingerekodi nini kama vingekuwa juu, usawa wa ardhi. Huna haja ya kwenda kupima tena. Ukijua kasi ya mawimbi katika miamba iliyo katikati, mlinganyo wa mawimbi utakupa jibu. Hesabu hiyo ya kutoka kina kirefu kuja kina kifupi ndiyo kupandisha. Kushusha ni kinyume chake: rekodi unayo ya juu, unatafuta ya chini.

Uga wa mawimbi, kwa maneno ya kawaida, ni maelezo kamili ya mtetemo: hapa, wakati huu, ardhi imesukumwa kiasi gani. Ukiwa na maelezo hayo kwenye mstari mmoja mzima, mstari unaofuata hauwezi kuwa wowote tu. Wimbi lina sheria zake.

Sisi tunatafuta kilichoko chini. Kupandisha kunatusaidia nini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na kila ninapofundisha somo hili naanza nalo.

Kazi ya kutengeneza taswira ya miamba kutokana na mwangwi, inayoitwa maigresheni, hufanywa kwa kushusha: unachukua rekodi ya juu, unairudisha chini hatua kwa hatua, na katika kila kina unauliza ni nini kilikuwa hapo mwangwi ulipoanza. Wengi hujifunza kushusha peke yake, wakaichukua kama mapishi yaliyokwisha andikwa. Matokeo yake ni kwamba taswira ikitoka na kasoro, hawajui kama kasoro ni ya miamba, ya data au ya msimbo wao.

Kupandisha kunakupa njia ya kujua. Unatunga miamba wewe mwenyewe, kwa hiyo jibu unalo mkononi kabla ya kuanza. Unapandisha mwangwi wake hadi juu, unapata rekodi ya kuigwa, kisha unaishusha rekodi hiyo kwa programu yako ya maigresheni. Kilichopotea njiani kinaonekana wazi. Na zaidi ya kupima, kupandisha na kushusha ni hesabu moja iliyogeuzwa. Aliyeandika msimbo wa kupandisha kwa mkono wake amebakiza mistari michache tu apate wa kushusha.

Viakisi vinavyolipuka ni nini? Ardhini hakuna kinacholipuka.

Ni kweli hakuna. Ni dhana ya kurahisisha hesabu, na imetumika tangu miaka ya 1970. Makala ya Loewenthal na wenzake ya mwaka 1976 ndiyo inayotajwa sana.

Katika hali halisi, chanzo kikiwa juu hutuma wimbi chini, wimbi linagonga mpaka wa miamba na kurudi. Kama chanzo na kipokezi vipo mahali pamoja, mwangwi unaopokelewa umeshuka na kupanda kwa njia ile ile. Basi badala ya kuhesabu safari mbili, tunajifanya kwamba kila mpaka wa miamba ulipiga mlio wenyewe, yote kwa pamoja, saa ikiwa sifuri. Wimbi linasafiri mara moja tu, kwenda juu. Ili muda ulingane na ule wa kwenda na kurudi, tunatumia nusu ya kasi. Mwamba wenye kasi ya mita 2,000 kwa sekunde unauandika 1,000.

Nusu hiyo ya kasi ndiyo husahaulika kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Ukiona mkato wako, yaani picha ya rekodi zote zilizopangwa bega kwa bega, umebanwa na kila mwangwi unafika katika nusu ya muda uliotegemea, usitafute kosa mbali.

Dhana hii ina mipaka yake. Pale ambapo wimbi lingeshuka kwa njia moja na kupanda kwa nyingine, kama chini ya kipande cha miamba chenye kasi ndogo kinachopinda miale kama lenzi, viakisi vinavyolipuka havioni safari hiyo.

Nipe hatua zenyewe. Nianzie wapi, niishie wapi?

Fikiria daladala linaloanzia mwisho wa njia, Mbagala kwa mfano, likielekea Kariakoo. Linaanza tupu. Kila kituo linapakia, na hakuna anayeshuka mpaka Kariakoo. Aliyepandia kituo cha kwanza amekaa garini muda mrefu kuliko wote. Aliyepandia cha mwisho amekaa dakika chache.

Kupandisha ni hivyo hivyo. Unaanzia kina cha chini kabisa cha modeli yako, uga ukiwa sifuri. Unaongeza uakisi wa tabaka hilo, yaani nguvu ambayo kila sehemu ya tabaka inarudisha mwangwi, ukiwa umeuzidisha na umbo la mlio wa chanzo. Kisha unausogeza uga wote juu hatua moja, tuseme mita 10. Hapo unaongeza uakisi wa tabaka jipya, unasogeza tena, na kuendelea hivyo mpaka juu. Ulichobeba ukifika juu ndiyo rekodi.

Uzuri wake uko kwenye idadi ya hatua. Modeli yenye kina cha mita 3,000 na hatua za mita 10 ina matabaka 300. Ungempeleka kila abiria kwa gari lake, yaani kupandisha mwangwi wa kila tabaka peke yake, ungefanya hatua 1 kwa tabaka la kwanza, 2 kwa la pili, hadi 300: jumla hatua 45,150. Kwa kupakia njiani ni hatua 300 tu, na jibu ni lile lile, kwa sababu mlinganyo wa mawimbi unaruhusu mawimbi kujumlishwa bila kuathiriana.

Na hiyo "kusogeza hatua moja" inafanywaje?

Hapa ndipo badiliko la Fourier linapoingia. Uga wowote, hata uwe na umbo gumu namna gani, unaweza kuvunjwavunjwa kuwa mawimbi bapa: kila moja lina frikwensi yake na mwelekeo wake. Wimbi bapa ni mgeni mpole. Likisogea kutoka kina kimoja hadi kingine katika mwamba wenye kasi moja, umbo lake halibadiliki, linachelewa tu. Kuchelewa huko ni kuzungusha awamu, yaani mahali wimbi lilipofika katika mzunguko wake.

Kiasi cha kuzungusha kinatoka kwenye kanuni moja. Chukua frikwensi ya mzunguko (frikwensi ya kawaida mara 2π), igawe kwa kasi, uipandishe kipeo cha pili. Toa namba ya wimbi ya mlalo, yaani idadi ya mizunguko ya wimbi katika kila mita ya mlalo mara 2π, ikiwa nayo imepandishwa kipeo cha pili. Tafuta kipeuo cha pili cha tofauti hiyo. Jibu ni namba ya wimbi ya wima, na ukiizidisha na urefu wa hatua umepata pembe ya kuzungusha.

Kwa mfano wetu wa nusu kasi 1,000, wimbi linalopanda wima huchelewa sekunde 0.01 kwa kila hatua ya mita 10. Lenye frikwensi ya hezi 30 litakuwa limezunguka mizunguko 0.3, yaani nyuzi 108. Wimbi lililoinama huzunguka zaidi ya lile la wima au pungufu? Wengi hujibu "zaidi" kwa sababu njia yake ni ndefu. Hesabu inasema pungufu, kwa kuwa sehemu ya mwendo wake inakwenda upande, na kusogea kwa upande kumeshabebwa na namba ya wimbi ya mlalo. Kaa na karatasi ulichore jambo hili mpaka likukubali. Ukilipita juu juu litakusumbua kila mahali mbele.

Njia hii ya kuzungusha awamu ilichapishwa na Jeno Gazdag mwaka 1978, kwa ajili ya maigresheni. Mwaka huo huo Stolt alichapisha njia yake ya haraka zaidi kwa miamba yenye kasi moja. Kabla yao, Jon Claerbout wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa amefungua mlango mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa milinganyo inayobeba wimbi upande mmoja tu, juu au chini.

Chini ya kipeuo cha pili napata namba hasi. Nimekosea?

Hapana. Hilo hutokea namba ya wimbi ya mlalo ikizidi frikwensi ya mzunguko iliyogawanywa kwa kasi. Hakuna wimbi linaloweza kusafiri na maumbo hayo. Lililopo hapo hufifia kadiri unavyoondoka kwenye chanzo chake. Ukipandisha, liache lififie au liweke sifuri. Hatari iko ukikosea alama: badala ya kufifia litakua, na baada ya hatua chache mkato wako wote utajaa namba kubwa zisizo na maana.

Waliopitia somo la uvutano na sumaku hukutana na neno hili hili la kupandisha na hudhani ni jambo moja. Ni ndugu, si mapacha. Data za uvutano zikipandishwa, kila umbo hupungua, na maumbo mafupi hupungua zaidi. Pandisha ramani ya uvutano kilomita 1: umbo lenye urefu wa kilomita 10 linabaki na asilimia 53 hivi ya nguvu yake, na lenye urefu wa kilomita 1 linabaki na chini ya asilimia 0.2. Ndiyo maana kushusha data za uvutano ni kazi ya wasiwasi, unakuza kelele. Katika mitetemo, mawimbi yanayosafiri hayapungui hata kidogo kwa hesabu hii, yanazunguka awamu tu. Kwa sababu hiyo tunaweza kushusha rekodi za mitetemo kilomita kadhaa bila kelele kutumeza.

Miamba ya kwetu haina kasi moja. Kasi ikibadilika kwa upande nifanyeje?

Ikibadilika kwa kina tu, huna tatizo: kila hatua inatumia kasi ya tabaka lake. Ikibadilika kwa upande ndipo badiliko la Fourier linapokosa raha, kwa sababu wimbi bapa moja linapita kwenye miamba ya kasi tofauti kwa wakati mmoja.

Dawa inayotumika sana ni hatua iliyogawanywa mara mbili, iliyoelezwa na Stoffa na wenzake mwaka 1990. Unasogeza kwanza kwa kasi moja ya wastani ya tabaka hilo. Kisha unarudi kwenye nafasi za kawaida, na kila mahali unarekebisha awamu kulingana na tofauti ya kasi halisi na ile ya wastani. Inafaa tofauti zikiwa ndogo au wimbi likikaribia wima. Zikiwa kubwa, tumia njia ya Gazdag na Sguazzero ya 1984: sogeza uga kwa kasi kadhaa za marejeo, kisha kila mahali chukua jibu kwa kulinganisha na kasi ya hapo. Ni gharama zaidi, lakini naiamini zaidi.

Uwanja mzuri wa kujipima ni modeli ya Marmousi. Taasisi ya mafuta ya Ufaransa iliitengeneza mwaka 1988 ikifuata jiolojia ya bonde la Cuanza nchini Angola. Ina upana wa mita 9,200 na kina cha mita 3,000, na kasi zake zinatoka 1,500 hadi 5,500. Ina nyufa kali zilizokata matabaka, na katikati yake njia yoyote ya kubahatisha huumbuka. Wanafunzi wetu huiona kwenye makala za Ulaya na Marekani wakadhani ni miamba ya huko, kumbe ni ya bara letu.

Kupandisha huku kunaacha nini nje?

Kunaacha mengi, na ni haki mtu ajue mapema. Wimbi hapa linakwenda juu tu. Kwa hiyo mwangwi wa kurudiarudia, ule unaogonga uso wa bahari ukashuka na kupanda tena, haumo. Mawimbi yanayoshuka, yakapinda polepole na kurudi yenyewe bila kugonga mpaka, hayamo. Yanayotembea kwenye mpaka wa miamba hayamo. Nguvu za mwangwi nazo ni za kukadiria, hasa pembe zikiwa kubwa. Muda wa kufika ndio unaoweza kuutegemea.

Ukitaka vyote hivyo, tumia njia ya kukata muda na nafasi vipande vidogo na kutatua mlinganyo kamili wa mawimbi. Ila kutokuwa na mwangwi wa kurudiarudia si hasara kila mara. Unapotaka kujua kama programu yako ya maigresheni inaweka miamba mahali pake, rekodi safi yenye mwangwi wa kwanza pekee ndiyo unayoihitaji.

Kuna matumizi yoyote nje ya kuiga?

Yapo, na moja linagusa pwani yetu. Kuanzia mwaka 2010 gesi iligunduliwa katika bahari ya kina kirefu ya Tanzania, katika visima vilivyopewa majina ya viumbe wa baharini na viungo: Chewa, Pweza, Jodari, Zafarani, Lavani, Tangawizi. Zafarani, uliotangazwa mwaka 2012, uko kwenye maji ya zaidi ya mita 2,000. Sakafu ya bahari huko ina makorongo.

Korongo linafanya nini? Tuchukue lenye kina cha mita 300. Mahali palipopaswa kuwa na tope na mchanga wenye kasi ya 2,000, kuna maji yenye kasi ya 1,500. Kwenda na kurudi, wimbi linatumia sekunde 0.4 badala ya 0.3. Tabaka lililonyooka kabisa chini ya korongo litaonekana kwenye rekodi limezama kwa sekunde 0.1, na mtu asiye mwangalifu atalichora bonde ambalo halipo. Vibaya zaidi, miale inapindishwa na kuta za korongo, kwa hiyo kusogeza rekodi juu au chini kwa muda maalumu hakutoshi.

Berryhill alionyesha mwaka 1979 namna ya kulitatua kwa mlinganyo wa mawimbi. Unashusha rekodi kupitia maji kwa kasi ya maji mpaka kwenye sakafu yenyewe, na makorongo yake. Halafu unaipandisha tena mpaka juu, safari hii kwa kasi ya miamba, kana kwamba bahari yote imejazwa mchanga. Wimbi limepitishwa njia isiyo na korongo. Hatua ya pili ya dawa hiyo ni kupandisha kule kule tunakokuzungumzia tangu mwanzo. Nchi kavu hutumika vivyo hivyo: penye vilima na mabonde, rekodi hupandishwa hadi usawa mmoja ulio juu ya kilima kirefu kuliko vyote, kisha kazi nyingine zinaendelea kwenye uso tambarare.

Nikitaka kuiga rekodi za chanzo na vipokezi vilivyotengana?

Viakisi vinavyolipuka uviache. Kwa kila chanzo, shusha wimbi la chanzo kwanza, kwa kasi kamili sasa na si nusu, na uhifadhi uga wake katika kila kina. Kisha anza chini, na katika kila tabaka zidisha uga wa chanzo na uakisi wa hapo; zao lake ndilo abiria wa kituo hicho. Pandisha ukipakia kama kawaida. Data za Marmousi zina vyanzo 240, kila kimoja na vipokezi 96, kwa hiyo ni safari 240 za kushuka na 240 za kupanda.

Nitajuaje kwamba msimbo wa kupandisha na wa kushusha ni mapacha kweli?

Kuna jaribio ambalo Claerbout amelihimiza kwa miaka mingi, na mimi simruhusu mwanafunzi kuendelea kabla hajalifaulu. Jaza modeli namba za kubahatisha, ziite m. Jaza rekodi namba nyingine za kubahatisha, ziite d. Pandisha m upate rekodi. Izidishe na d namba kwa namba na ujumlishe. Kisha shusha d upate modeli. Izidishe na m na ujumlishe. Majumlisho mawili lazima yalingane karibu tarakimu zote ambazo kompyuta inazibeba. Yakilingana tarakimu tatu tu, kuna kosa mahali fulani, hata kama picha inapendeza macho. Mara nyingi ni alama ya awamu ambayo haikugeuzwa, au kingo zilizopunguzwa nguvu upande mmoja na kusahauliwa upande wa pili.

Kushusha kwa namna hii ni ajointi ya kupandisha, yaani hatua zile zile zikipitiwa kinyumenyume na awamu ikigeuzwa alama, si kinyume chake kamili. Taswira itarudi mahali pake, lakini nguvu zake hazitarudi sawasawa. Anayezitaka itambidi arudie: apandishe taswira yake, aone tofauti na rekodi, arekebishe taswira, apandishe tena.

Kwenye mkato wangu kuna mwangwi ambao sikuuweka. Umetoka wapi?

Karibu kila mara umezunguka. Badiliko la Fourier linachukulia kwamba mkato unajirudia bila mwisho, kulia na kushoto, na katika muda pia. Wimbi linalotoka ukingo wa kulia huingia kwa kushoto. Na kama rekodi yako ni ya sekunde 2, mwangwi wa sekunde 2.3 utatokea kwenye sekunde 0.3. Ongeza nafasi tupu pembeni na mwishoni mwa muda, na katika kila hatua punguza nguvu ya uga taratibu karibu na kingo.

Ukiona mistari iliyoinama kinyume, nafasi kati ya vipokezi ni pana mno. Kwa viakisi vinavyolipuka, isizidi robo ya urefu wa wimbi fupi kuliko yote. Kasi 2,000 na frikwensi ya juu ya hezi 50 zinatoa urefu wa mita 40, basi nafasi isizidi mita 10.

Na kama mwangwi wote umerundikana mwishoni mwa rekodi, matabaka ya juu yakiwa chini na ya chini yakiwa juu, alama ya awamu imegeuka. Mimi kosa hili liliwahi kunila siku mbili nzima, kwa sababu maktaba niliyotumia ilikuwa na desturi tofauti ya alama kwa muda na kwa nafasi. Ukumbuke tu kwamba kupandisha lazima kuongeze muda: wimbi limeanza chini saa sifuri, haliwezi kufika juu kabla.

Nitumie programu gani?

Zipo mbili za bure zinazoaminika: Seismic Unix ya Colorado School of Mines, na Madagascar, ambayo hapa ni jina la programu, si la kisiwa. Lakini mara ya kwanza andika mwenyewe kwa Python. Kwa kasi isiyobadilika upande, msimbo mzima hauzidi mistari arobaini.

Jaribio la kwanza liwe lipi?

Nukta moja. Weka uakisi wa 1 mahali pamoja tu, kina cha mita 1,000, katikati ya modeli yenye kasi ya 2,000 kila mahali, na kila sehemu nyingine sifuri. Chanzo kiwe wimbi la Ricker, yaani mlio mfupi wenye kilele kimoja katikati, la hezi 25. Pandisha. Juu ya nukta mwangwi ufike sekunde 1.000. Sogea mita 1,000 kulia: umbali ni mita 1,414, kwa hiyo muda uwe sekunde 1.414. Kushoto vivyo hivyo, kwa usawa kabisa. Umbo lote liwe haipabola. Yakitimia hayo, weka nukta ya pili kwenye mita 1,500, uangalie kama kilele chake kinafika sekunde 1.500 na mbawa zake zimelala zaidi kuliko za ile ya kwanza.